Bi arusi naye apewe spana

Huku kwetu pwani binti akiolewa, vyombo vyake havipiti kimya kimya. Wanawake wa mtaa huvihesabu vikishushwa mlangoni: masufuria ya kila kiasi, sahani, mabirika, mbuzi ya kukunia nazi, kabati, kitanda, na siku hizi jiko la gesi, friji, feni na mashine ya kufulia nguo. Mama wa binti hujitahidi kwa kila hali ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba kulikosekana kijiko. Simlaumu, maana hiyo ndiyo ada yetu na ina uzuri wake. Lakini katika harusi zote nilizozihudhuria, Mombasa, Malindi na hata Lamu, sijapata kuona mzazi aliyemtilia binti yake hata spana moja katika vyombo hivyo.

Hapana shaka wako wasomaji watakaocheka. Nawaomba wacheke kisha waendelee kusoma. Vyombo vya mabibi zetu havikuwa na haja ya spana. Kinu hakina nati, mbuzi haina bolti, na kitanda cha kamba kikilegea kiliwambwa upya kwa mkono. Vyombo vya leo ni vingine kabisa. Kitanda kimefungwa kwa bolti, feni ya dari imening'inia kwa bolti, kiti cha choo kimeshikwa kwa bolti mbili, na mota inayopandisha maji juu ya tangi imekalia bolti nne. Tumewapa mabinti zetu nyumba zilizofungwa kwa nati kila upande, halafu hatuwapi ufunguo wa kuzifungua.

Na hili la maji halihitaji maelezo kwa mtu wa Mombasa. Maji yetu yatoka mbali, Mzima, Marere, Tiwi na Baricho, na hayaji kila siku wala kila saa. Kwa hivyo kila mwenye uwezo ana tangi chini, tangi juu na mota katikati. Mota hutikisika, na kitu kinachotikisika hulegeza nati zake. Nati ikilegea siku ya maji kuja, na mashine ikaanza kuruka juu ya sakafu kama mbuzi aliyefungwa kamba, familia hiyo huenda ikangoja siku nyingi kabla ya kupata maji tena.

Sasa tutazame nani yuko nyumbani saa hiyo. Waume wengi wa kwetu hawashindi majumbani. Kuna mabaharia, kuna wanaofanya zamu ya usiku bandarini Kilindini, kuna madereva wa safari ndefu, na kuna waliokwenda Ghuba kutafuta riziki ambao hurudi baada ya mwaka au miaka miwili. Nyumbani hubaki mama, watoto na pengine bibi mzee. Fundi yupo mtaani, na huenda ni kijana mwema mwenye adabu zake, lakini ni mwanamume wa kando. Mwenye nyumba hawezi kumwingiza mpaka jikoni na bafuni hadi atafutwe mjomba au kaka wa kukaa naye, na mjomba huyo yuko kazini hadi magharibi. Basi maji humwagika mchana kutwa kwa ajili ya nati ambayo ingekazwa kwa nusu dakika. Mfereji unaodondoka tone moja kila sekunde hudondoka mara 86,400 kwa siku moja. Hata kama matone 20 ndiyo yanayojaza mililita moja, hayo ni zaidi ya lita nne, maji ya kumtosha mtu kutawadha kwa sala zote tano akiwa mwangalifu. Sisi tunaoambiwa tusifanye israfu ya maji hata katika udhu tungefaa kuliona jambo hili mbele ya watu wengine.

Wako wazee watakaosema kwamba spana ni kazi ya wanaume, na mwanamke kuishika ni kukosa haya. Nawaheshimu wazee wangu, lakini hoja hiyo siikubali. Mabibi zetu walikuwa na vyerehani vya Singer barazani na vyumbani mwao. Walivitia mafuta wenyewe, wakabadilisha sindano wenyewe, wakalegeza na kukaza kila kilichohitaji kukazwa kwa bisibisi ndogo iliyowekwa ndani ya kisanduku cha cherehani. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba bisibisi ile iliwapunguzia heshima. Bisibisi na spana ni ndugu, tofauti yao ni kwamba moja huingia ndani ya kichwa cha parafujo na nyingine hukumbatia kichwa cha bolti kwa nje. Na ikiwa suala ni sitara, basi mwanamke anayekaza nati yake mwenyewe mlango ukiwa umefungwa yuko katika sitara zaidi kuliko yule anayemngoja fundi mlango ukiwa wazi.

FUPI, SI NDOGO

Hapa lazima nisahihishe neno moja kabla ya kuendelea, kwa sababu nimeona watu wakirudi kutoka dukani na kitu wasichokitaka. Mtu huingia dukani akasema, "Nipe spana ndogo." Muuzaji humpa spana ya nambari ndogo, tuseme 6 au 7, yenye mdomo mwembamba wa kushika nati ndogo. Si hiyo ninayoisema. Ninayoisema ina mdomo wa kawaida, 10 au 13 au 17, ila mkono wake umefupishwa. Spana ya kawaida ya 13 ina urefu wa yapata sentimita 17. Iliyo fupi ya nambari hiyo hiyo ina yapata sentimita 10, yaani hujaa kiganjani na kubakisha kidogo. Hiyo ni spana fupi, na tungeliambia duka "fupi" badala ya "ndogo" tungejiepushia safari ya pili. Lugha yetu si maskini. Sisi ndio wavivu wa kuitumia. Mreno alianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, akaondoka baadaye akatuachia neno "parafujo", nasi tukalitia katika ngeli zetu mpaka likawa letu. Tulioweza hilo hatuwezi kushindwa na tofauti ya ufupi na udogo.

Kwa nini iwe fupi? Kwanza ni kwa sababu ya nafasi. Nyumba za Mji wa Kale na za Lamu zina kuta nene za mawe, na vyoo na mabafu yake yalitiwa baadaye katika pembe zilizobaki. Nyumba mpya za ghorofa nazo zina majiko ambayo mtu akigeuka hugonga kiwiko. Bolti za kiti cha choo ziko chini ya bakuli, karibu na ukuta. Bolti za kitanda ziko nyuma ya ubao, na nyuma ya ubao kuna ukuta. Bolti ya feni iko chini ya dari kabisa, na fundi wa umeme huificha ndani ya kikombe cha chuma au plastiki. Mahali kama hapo spana ndefu huingia, ikaishika nati vizuri, kisha ikakosa mahali pa kuzunguka. Fupi huzunguka. Hata wenye mashua za injini wanalijua hili: injini imezamishwa katika tumbo la mashua, na mkono wa mtu huingia pale kwa taabu, sembuse mkono na spana ya urefu wa shubiri.

Sababu ya pili ndiyo niipendayo zaidi, na aghalabu haitajwi dukani. Nguvu ya kukaza hutokana na vitu viwili, yaani uzito wa mkono wako na urefu wa spana. Mtu akivuta kwa nguvu ya kilo 20 mwishoni mwa spana ya sentimita 17, nati hupata nguvu ambayo angeipata kwa kilo 34 kama spana ingekuwa ya sentimita 10. Kwa maneno mengine, ukiwa na fupi unalazimika kuvuta mara moja na robo tatu, au karibu na hapo, ili ufanye uharibifu ule ule. Vitu vingi vya nyumbani leo vimetengenezwa kwa plastiki, bati nyembamba na bolti nyororo. Havivunjiki kwa kulegea, huvunjika kwa kukazwa kupita kiasi na mtu mwenye bidii. Bakuli la choo ni kauri. Likazwe kwa spana ndefu na kijana wa miaka 20 anayetaka kuonyesha misuli yake, litapasuka, na bei ya choo kipya si bei ya nati. Spana fupi humzuia mtu wa aina hiyo bila kumvunjia heshima.

Kwa upande mwingine, haifai mtu kudanganywa kwamba fupi hufanya kila kazi. Nati iliyoshikwa na kutu miaka mitano haitaisikia. Nati za magurudumu ya gari haziguswi nayo. Wala chombo hiki hakitengenezi kila mfereji unaovuja. Ukivuja kwenye shina, pale unapozungushwa kwa mkono, nati ya shina hukazwa kidogo na mambo hutulia. Ukidondoka mdomoni, ni ile duara ya mpira iitwayo washa imekwisha, na kitu kilichokwisha hakirudi kwa kukazwa. Anayezidi kuukaza huharibu mfereji wenyewe.

NAMBARI SITA

Maduka hupenda kuuza seti nzima. Seti za spana fupi zinazoletwa kwetu aghalabu huanzia 10 hadi 19, spana kumi bila kuruka nambari, ndani ya mfuko wa plastiki wenye vitundu. Zinapendeza macho. Lakini nyumba ya mtu wa kawaida haina kazi ya 11, wala 16, wala 18, na 19 huhitajika mara chache. Wakati huo huo 8, ambayo ina kazi nyingi katika vyombo vidogo, haimo kabisa. Mnunuzi hulipia chuma asichokihitaji akakosa anachokihitaji.

Maoni yangu ni kwamba mtu anunue moja moja, na achukue sita: 8, 10, 12, 13, 14 na 17. Sikuziokota nambari hizi. Bolti yenye unene wa milimita 5 huwa na kichwa cha 8. Ya milimita 6, ambayo ndiyo bolti ya nyumbani hasa, huwa na kichwa cha 10, na hiyo hiyo 10 ndiyo hufungua vibano vya betri katika magari mengi ya Kijapani. Ya milimita 8 ndipo mataifa yalipohitilafiana: Wazungu wa Ulaya huipa kichwa cha 13, Wajapani aghalabu huipa cha 12 katika magari na mashine zao. Ya milimita 10 huwa na kichwa cha 17 katika vyombo vingi vya Ulaya, na 14 katika vya Kijapani. Sisi tunaoishi bandarini hupokea vya huyu na vya yule, kwa hivyo hatuna budi kuwa na zote nne. Mwenye baiskeli na aongeze 15, kwa ajili ya pedali na ekseli ya nyuma, na akumbuke kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume cha nati nyingine zote. Wengi wameivunja kwa kutolijua hilo.

Kuna hatari moja ambayo yawahusu zaidi wenye kurithi masanduku ya babu. Wazee wetu wengi walifanya kazi katika karakana za reli na bandari, na reli yenyewe ilianzia hapa hapa Mombasa mwaka 1896. Waliacha spana nzito nzuri za Kiingereza, ambazo vipimo vyake ni vya inchi. Nyingine zimeandikwa nusu, robo tatu na kadhalika, nazo hupima mdomo wenyewe. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hivyo haiingii katika nati ya 13; robo tatu ni 19.05, nayo hukaa juu ya nati ya 19 kama iliyozaliwa nayo. Lakini ziko za kipimo cha Whitworth, yule Mwingereza aliyependekeza mwaka 1841 kwamba nchi yake iwe na kipimo kimoja cha parafujo. Katika spana zake nambari iliyoandikwa si upana wa mdomo, ni unene wa bolti. Iliyoandikwa robo inchi ina mdomo wa yapata milimita 13.3. Mtu huitia kwenye nati ya 13, ikaingia, ikacheza kidogo, akavuta, na pembe za nati zikaliwa zikawa duara. Nati iliyoliwa pembe haishikiki tena kwa spana yoyote. Spana hizo za babu zitunzwe, hata zitundikwe ukutani kwa fahari, bali zisichanganywe na za milimita katika sanduku moja.

Juu ya sita hizo iongezwe spana moja ya kupanua na kubana mdomo, ya inchi nane, kwa ajili ya nati pana za mabomba ambazo spana fupi hazizifikii. Mafundi wana jina lao kwa spana hiyo, kwa kuwa huenda na kila nati bila kuchagua, na jina hilo kila mtu analijua wala sitaliandika katika ukurasa unaosomwa na watoto. Bi arusi akiliitaje dukani? Mimi ningependekeza "spana ya kubana". Mwenye jina zuri zaidi na alilete.

DUKANI

Chagua spana yenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili. Ringi huishika nati pembe zote, kwa hivyo ndiyo ya kulegezea mwanzo na kukazia mwisho. Mdomo ni wa kazi ya katikati, nati inapozunguka kwa wepesi. Utaona kwamba mdomo haukunyooka na mkono, umepinda digrii 15. Watu wengine hudhani ni kasoro. Ndiyo hekima yake. Mahali penye nafasi finyu unaizungusha nati kidogo, unaitoa spana, unaigeuza chini juu, unaitia tena, na sasa imeikamata kwa pembe nyingine. Hivyo utaifungua nati hata kama mkono una nafasi ya digrii 30 tu.

Ziko fupi nyingine zenye meno ndani ya ringi, zinazolia tiki tiki na kuzunguka bila kutolewa. Zenye meno 72 husogea kila digrii tano, na mahali pafinyu hakuna kitu kilicho raha kuliko hicho. Lakini mimi sizipendekezi kwa nyumba ya pwani. Ndani yake mna springi na vipande vidogo, na hewa yetu ya chumvi pamoja na mchanga huingia mle isikotoka. Pia si za kulegezea nati iliyokwama. Meno yake ni madogo na hukatika. Anayezitaka na awe nazo kama nyongeza.

Maandishi yasikuvutie sana. Karibu kila spana hugongwa muhuri wa "Chrome Vanadium", iwe kweli au uongo, na muhuri haugharimu kitu. Chuma cha namna hiyo, kikiwa cha kweli, ni chuma kilichotiwa kromu na vanadi kidogo ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Yatumie macho na vidole. Pitisha kidole ndani ya mdomo: kuta zake mbili ziwe sambamba na laini, zisiwe na vitone vya chuma kama uji ulioganda, maana hiyo ni dalili ya kuyeyushwa na kumiminwa badala ya kufuliwa. Tazama pembezoni kama rangi ya fedha imeanza kubanduka. Ganda lile hukata kidole kama wembe. Kisha ufanye jambo ambalo wauzaji wengi hawalipendi, ambalo ni kwenda na bolti mpya mfukoni, ya 10 na ya 13, ukajaribu papo hapo. Spana iingie bila kulazimishwa na isicheze. Katika duka moja mjini, ambalo jina lake nalisitiri, nilioneshwa seti ya kupendeza iliyoandikwa nambari zote, na nilipotia bolti yangu ya 13 ikaingia katika spana ya 13 na katika ya 12 vile vile. Mwenye duka aliniambia kwamba bolti yangu ndiyo mbovu. Nilimshukuru nikaenda zangu.

Sizisemi vibaya bidhaa za bei nafuu kwa jumla. Kwa nyumba inayotumia spana mara tano kwa mwaka, chombo cha bei ya kati kinatosha kabisa, na sioni maana ya kununua cha bei ya gereji. Wasafiri wetu wanaorudi kutoka Dubai na masanduku ya vipande mia na zaidi wangefanya hisani zaidi kama wangeleta spana sita nzuri. Yale masanduku makubwa huwekwa juu ya kabati, mzito asiweze kuyashusha ila baba, na baba ndiye hayupo.

KUTU NA MATUMIZI

Adui wa chuma pwani ni hewa yenyewe. Wengi hudhani kwamba kitu king'aacho hakishiki kutu. Kile king'aacho ni ganda jembamba tu. Likichubuka, chuma cha ndani huoza kama msumari wowote. Mfuko wa plastiki ulio na spana zenye jasho la mkono ni mbaya kuliko meza iliyo wazi, kwa sababu unyevu hufungiwa ndani. Zifutwe kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani, zikunjwe katika kipande cha kanga kuukuu na kuwekwa ndani ya kibweta au bati la biskuti. Na zisiwekwe chini ya sinki. Najua ndipo kila mtu anapoziweka.

Kwa anayeanza, maneno machache yanatosha. Kufunga ni kuelekea kulia, kufungua ni kushoto, ila ukilala chini ya sinki ukatazama juu mambo hukupindukia, basi tulia ufikiri upya kabla ya kuvuta. Vuta spana kuja kwako badala ya kuisukuma, kwani ikiteleza ukiwa unasukuma, vifundo vya vidole ndivyo vitakavyogonga ukuta. Nati ya plastiki ikazwe kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Iliyoshikwa na kutu itiwe mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta mepesi ilale usiku kucha. Ikikataa asubuhi, hiyo ni ya fundi. Usiitie bomba spana fupi ili kuirefusha, wala usiipige nyundo. Feni na mota haziguswi mpaka umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Mpira wa gesi ukishukiwa kuvuja, hupakwa povu la sabuni na kutazamwa kama linatoa mapovu, wala hauwashiwi kiberiti hata kwa mzaha. Mapovu yakionekana, mtungi ufungwe na aitwe ajuaye.

Limebaki suala la kuazimana, na hili kwa majirani wa Kiswahili haliepukiki. Ukiwa na spana, mtaa utajua kabla ya jua kutua. Wako wanaozificha. Nawakumbusha kwamba Sura ya 107 imewalaumu wanaozuia al-Maaun, na miongoni mwa tafsiri mashuhuri za neno hilo ni ile inayotoka kwa Ibn Mas'ud, kwamba ni vitu ambavyo watu huazimana majumbani, kama ndoo, chungu na shoka. Sina elimu ya tafsiri ya kumshinda mtu, lakini siioni spana ya 10 ikikosa nafasi kati ya ndoo na shoka. Na yule anayeazima naye ana wajibu. Kuna watu ambao spana ya jirani kwao hugeuka mirathi. Tena kazi ya kuazima kila siku haina mwisho mwema, kwani wahenga wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ndiyo sababu nikataka kila nyumba iwe na zake.

Ili zisipotee, zitiwe alama. Nambari zilizogongwa juu ya chuma ni ndogo, na taa ya jikoni haizioneshi, kwa hivyo alama inasaidia mara mbili. Rangi ya kucha inafaa sana kwa kazi hii, haitoki upesi kwa maji wala kwa mafuta ya cherehani. Mabinti wengi huletewa chupa zake kama zawadi na huziacha mezani kwa sababu ya udhu, zikakauka. Tone moja jekundu kwa 10, mawili kwa 12, la waridi kwa 13, na kila dada na achague yake kwa nambari zilizobaki.